Siku Niliyokuwa Msambaa

Wenzangu wa jumuiya, mmeniuliza kiasi cha kutosha. Mama Prisca aliniuliza mbele ya watu tukiwa tunaosha vikombe, na wengine mnanivizia mmoja mmoja njiani kutoka kanisani. Mnasema nilikwenda kumfuata mjomba na mjomba amekuja, nilikwenda kupigania matuta ya mama na matuta yamebaki kwetu, sasa mbona nimerudi nimepoa? Nimeona niandike. Nikisimulia kwa mdomo najijua, nitajipendelea.

Tabia yangu mnaifahamu. Nimesimamia mitihani miaka thelathini na zaidi. Mtoto akiomba kwenda chooni mara mbili, mimi nilikuwa nakagua soksi. Kustaafu hakukunibadilisha, nimebaki bila wanafunzi tu, kwa hiyo sasa nakagua watu wazima.

Kwa wasiotoka kwetu Mgeta, nieleze jambo moja halafu tuondoke. Kwetu ardhi inafuata ukoo wa mama, lukolo kama tunavyoita, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mama yangu, Magdalena wa Nyandira, alifariki mwaka jana, tukamzika kwenye matuta yake mwenyewe, yale mashamba ya ngazi mlimani, juu kidogo ya mfereji. Kikao cha ukoo cha kuamua nani anayashika hayo matuta kilipangwa Jumapili. Upande wa mama mkubwa, wakiongozwa na binti yake Skola, dada yangu kiukoo, walikuwa wameshapanda kabichi kwenye matuta mawili bila kuniambia. Mjomba mwenye kauli amebaki mmoja tu, Kolumbani, aliyefanya kazi ya gengi la kutengeneza reli maisha yake yote huko Munisagara, ng'ambo ya Kilosa, akastaafia hukohuko. Hakuwa amekanyaga Mgeta tangu mimi nikiwa msichana. Asipofika na kusema neno, matuta yanakwenda upande wa pili, na kaburi la mama yangu linakwenda nayo.

Stesheni ya Morogoro

Habari za tiketi naziruka, hazina utamu. Mjue tu kwamba nilipanda treni ya zamani, ile ya reli nyembamba, kwa sababu ile mpya ya umeme haina habari na Munisagara. Ilitakiwa ipite usiku. Ikaingia saa tatu asubuhi, taratibu, wala haikuonyesha kuona haya.

Nilikuwa na sababu ya kukaa chonjo. Jumatano jioni uliingia ujumbe kwenye simu kutoka namba nisiyoijua: "Kesho nitakuwa kwenye treni. Nitakutafuta, usihangaike." Hakuna jina. Nani alijua kwamba nasafiri? Nilikuwa nimemwambia mke wa mjomba kwa simu, na Skola huwa anapata habari hata za ndoto zangu. Nikaifungia ile namba palepale.

Nilikaa dirishani, upande wa milima. Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu hadi mabegani, sehemu za chini tu ndizo zilizoonekana, vishamba vya watu vimening'inia kwenye miteremko. Treni ilipoanza kuvuta kuelekea Mindu nilijisikia vizuri kwa dakika kama kumi. Halafu nikawaona waliokaa mbele yangu.

Walikuwa mume na mke, watu wa makamo kutoka Dar es Salaam, na chupa ya chai. Mume alikuwa na daftari. Kila daraja tulilopita, hata kalavati, anatazama saa na kuandika. Nikamuuliza kwa upole wanakwenda wapi.

"Hatuendi popote, mama," alijibu. "Tunatembea tu. Tutashuka Dodoma, tutarudi."

Mtu mzima anatembea tu, kwenye treni iliyochelewa usiku mzima, huku anapima madaraja. Moyoni nikasema huyu ni mpima ardhi, katumwa na wanaotaka kununua mashamba. Mfuko wangu nikauhamishia miguuni.

Mkata, tulipoegeshwa

Hatujafika Mkata, nikasikia sauti ya mwanamke ikija kutoka behewa la nyuma. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka mlima hadi mlima.

"Namtafuta Felista! Felista binti Magdalena wa Nyandira! Yupo humu au kaliwa na simba wa Mikumi?"

Machale yakanicheza. Felista ndiye mimi.

Akaingia mwanamke wa umri wangu, kitambaa kichwani, khanga mbili, kikapu mkononi, sandali za plastiki. Alijitambulisha kwa kila mtu kana kwamba anagombea udiwani: yeye ni Bi Zaituni, nyumbani kwake Mgeta ya chini. Alimwambia baba mmoja kwamba kitambi chake kinahitaji tiketi ya peke yake, baba akacheka. Akafika kwangu, akasimama.

"Na wewe mama mrefu, mwenye uso wa kusimamia mtihani. Kwenu wapi?"

Sikumbuki kama nilifikiri. Mdomo ulijibu wenyewe.

"Mimi Msambaa. Wa Lushoto."

"Jina?"

"Mama Hiza. Naenda Dodoma kwa mwanangu."

Alinitazama kwa muda, kichwa kaegemeza upande. Halafu akaketi kando ya yule mpima ardhi wangu, akaweka kikapu mapajani.

"Bahati yako, Mama Hiza," alisema. "Ninayemtafuta ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu tunataniana tangu mababu. Ungekuwa wewe ndiye, ningekutukana kuanzia hapa mpaka Kilosa."

Nikamshukuru Mungu kwa kunifanya Msambaa.

Msinishangae. Hesabu zangu zilikuwa hivi: ujumbe usio na jina, na sasa mwanamke anayejua jina langu, jina la mama yangu na kijiji. Habari za utani hazikunituliza hata kidogo, kwani ukitaka kumnasa Mluguru utamtumia nani zaidi ya mtani? Mtani anaingia kwako bila hodi, anakula chungu chako, na huna ruhusa ya kukasirika. Skola anayajua hayo kama mimi. Nilimwona kabisa Skola akimpanga huyu mama: mcheleweshe huko njiani, mshushe Kilosa, Jumapili ipite.

Mkata tukasimama kupisha treni ya mizigo. Wakasema nusu saa. Ikawa saa moja, ikawa mbili, ikakaribia tatu. Nje ni mbuga tu, nyasi na swala wachache wanaotutazama kwa huruma. Bi Zaituni akafungua kikapu. Mihogo ya kukaanga, samaki wakavu wa kukaanga, pilipili ya kusaga. Harufu yake sitaieleza, ninyi nanyi mna njaa zenu. Akagawa kwa wote.

"Karibu, Mama Hiza."

"Nimeshiba."

"Tangu asubuhi?"

"Nimefunga."

Mke wa mpima ardhi akasema lakini asubuhi nilikuwa natafuna karanga. Nikasema nimeanza kufunga baada ya karanga. Habari za watu kupewa vitu kwenye vyombo vya safari wakaamka kesho yake hawana hata viatu tumezisikia wote, na mimi mayai yangu mawili yalikuwemo mfukoni. Nikayala nimegeukia dirishani, kidogo kidogo, na nina hakika behewa zima lilisikia harufu.

Kwenye kiti cha upande wa pili alikuwepo mzee kutoka Matombo, anakwenda Kilosa kwa binti yake. Bi Zaituni aligundua ni Mluguru, wakaanza kusema Kiluguru. Mimi Msambaa nikakaza macho kwenye swala, maana Msambaa hatakiwi kuelewa.

"Ni yeye," Bi Zaituni alisema, hata sauti hakuishusha. "Taya lile ni la Kolumbani."

"Amesema Msambaa," mzee alijibu.

"Labda anaogopa."

"Anaogopa nini, treni? Mtu mzima atamkana mama yake kwa sababu ya kuogopa treni? Huyo Msambaa, mwache."

Bi Zaituni akamweleza shida yake. Kolumbani aliapa. Aliapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga tena ua wa dada yake, na kiapo cha namna hiyo hakivunjwi na mwenyewe. Sasa amezeeka, anataka kurudi, ametuma neno: atatoka mlangoni kwake ikiwa mtoto wa dada yake atakuja mwenyewe, pamoja na mtani wa kumshika mkono. Kimoja bila kingine hakifai. Yeye alipewa namba ya huyo mtoto, akatuma ujumbe, hakujibiwa. Alipopiga haikupatikana.

"Nami bila huyo mtoto nikafanye nini huko?" alisema. "Mzee atadhani nimemficha."

Nilisikia kila neno. Nataka mlijue hilo, nisije nikawadanganya kwamba sikusikia. Nilisikia, nikasema moyoni: hadithi imenyooka mno. Ukweli ninaoujua mimi una makunyanzi. Halafu nikajiuliza, kama ananizungumzia kwa siri, mbona sauti haishushi? Anataka nisikie. Kwa hiyo ni mtego. Namna hiyo nilijifungia mlango mmoja mmoja, na kila mlango niliona nimefanya akili.

Kimamba hadi Kilosa

Treni ya mizigo ikapita, nasi tukaondoka. Kimamba wauzaji walikimbia sambamba na madirisha, miwa, mahindi ya kuchemsha, ndizi. Nilinunua mahindi mawili kwa mama niliyemchagua mwenyewe kati ya wengi, ili asiwe ametumwa.

Hapo Kimamba yule mpima ardhi alisimama ghafla, akashika nondo za dirisha, akawa anatazama majengo ya stesheni bila kuandika chochote. Mke wake akamshika mgongo. Baadaye alinionyesha daftari bila mimi kuomba. Alizaliwa kwenye kota za reli za Kimamba, baba yake alikuwa mpiga bendera. Kila ukurasa ni jina la stesheni na vitu alivyokumbuka vikiuzwa pale utotoni, na saa za treni ambazo baba yake alimkaririsha. Alitaka kuipita njia hii mara moja zaidi kabla haijaachwa kabisa. Nikamwambia hongera. Nilikuwa nimekosea juu yake, nikajisamehe haraka, maana kukosea juu ya mmoja hakumaanishi nimekosea juu ya wote.

Kilosa ilipokaribia, Bi Zaituni alisogea akakaa kando yangu. Hakutania safari hii.

"Mama Hiza, nakuuliza kwa heshima, na siulizi tena. Humjui Magdalena wa Nyandira?"

"Simjui."

"Ni marehemu. Mwaka jana."

"Poleni sana," nikasema.

"Tumeshapoa," alisema. Akachukua kikapu chake.

Alishuka Kilosa kutafuta basi la kurudi Morogoro, akasimama na watu jukwaani akitazama madirisha ya behewa letu hadi tulipoondoka. Mzee wa Matombo alishuka pia, hakuniaga. Nami, Mungu anisamehe, nilijipongeza. Mtego wa Skola nilikuwa nimeukwepa, pamoja na mihogo yake. Nikatoa mahindi yangu nikayatafuna kwa amani.

Korongo la Mkondoa

Baada ya Kilosa ndipo reli inapoingia milimani. Mto Mkondoa unakwenda chini, reli imejibana ubavuni, inavuka mto, inarudi, inavuka tena. Milima imesimama karibu hivi kwamba unaweza kuhesabu mawe. Mahali fulani tuliona reli mpya ikitokea kwenye tumbo la mlima, imenyooka, haina muda na mto. Sisi tulizunguka kila kona. Mume na mke wa daftari walisimama dirishani, na mimi nikasahau kumshuku mtu kwa karibu saa nzima. Ni raha isiyo ya kawaida kwangu na nilipoigundua nikashtuka.

Jua lilikuwa limeelekea magharibi nilipotelemka Munisagara. Tulikuwa watu watatu tu tulioshuka.

Munisagara

Nyumba ya mjomba haiko mbali na reli. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, ndani ya mlango, si nje. Shati jeupe lililopigwa pasi, viatu, begi dogo kando. Mke wake, Mama Sesilia, alikuwa uani anachambua maharage.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Felista. Mmechelewa." Akatazama nyuma yangu, njiani. "Mwenzako yuko wapi?"

Nadhani nilijua palepale. Niliketi chini bila kukaribishwa.

"Mwenzangu nani?"

"Zaituni. Nilimtuma akutafute kwenye treni. Mtani wetu. Hukumwona?"

Mama Sesilia akasema, "Nilitaka kukwambia kwenye simu, mtandao ukakatika, nikampa yeye namba yako akuandikie mwenyewe."

Watu wa umri wetu hatuandiki majina kwenye ujumbe. Tunaandika kana kwamba namba ina sura.

Mjomba alinieleza kile ambacho nilikwisha kukisikia Mkata nikakikataa. Bibi alipofariki, yeye alifika mazishi yamekwisha, siku ya pili. Mama yangu, mbele ya waombolezaji wote, akamwambia gengi lako ndilo ukoo wako, rudi ukazikwe nalo. Naye akajibu kwamba kuanzia leo sina dada, na ua huu sitaukanyaga. Mama hakuwahi kunisimulia. Wote wawili walikuwa na taya moja. Dada yake alipofariki alifika hadi Kilosa kwa ajili ya mazishi, akashindwa kuendelea, akarudi.

"Zaituni angenishika mkono, akanitukana, akanivuta nje," alisema. "Mtani akikuvuta, kiapo kinageuka mzaha. Mzaha unaweza kuuvunja. Sasa alikwambia nini kwenye treni?"

"Alikuwa ananitafuta."

"Ukamwambia nini?"

Nilitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari, umevaa viatu. Lakini mjomba alikuwa anatazama mdomo wangu, na nilichoka.

"Nilimwambia mimi ni Msambaa."

Mama Sesilia aliacha maharage.

"Na juu ya mama yako?"

"Nilimwambia simjui. Akasema ni marehemu. Nikampa pole."

Kuku wa jirani alipita hadi akafika mwisho wa ua na kurudi. Nililia, na sikulia kwa ajili ya matuta.

"Mimi nilisema sina dada," mjomba alisema mwishowe. "Wewe umesema huna mama. Basi tuko wawili."

Akashika begi, akasimama kwa kushikilia fremu ya mlango, akatoka nje mwenyewe. Mama Sesilia alijifunika uso kwa khanga. Mjomba akaniambia nimpe simu, nifungue ile namba niliyoifungia. Akaongea na Bi Zaituni kwa Kiluguru, maneno machache. Akanirudishia.

"Amesema atakuwepo Jumapili, kwenye ua."

"Kuhusu mimi amesema nini?"

"Hajauliza."

Kwa kiberenge

Treni nyingine haikuwepo hadi wiki ijayo. Asubuhi ya Ijumaa vijana wa gengi walikuwa wanashuka Kilosa na kiberenge chao, kile kigari kidogo cha reli, wakamchukua mzee wao, nami nikapata nafasi kwenye ubao, miguu inaning'inia. Mnaotaka kuiona milima ile, muione hivyo, hakuna dirisha wala paa, upepo wa mto unakupiga usoni na mataruma ya reli yanakimbia chini ya nyayo.

Mjomba aliyajua madaraja kwa majina waliyoyapa wenyewe. Hili la Nyuki. Hili la Mama Mwenye Ndizi. Kwenye daraja moja aliomba wasimame kidogo.

"Siku anazikwa mama yangu, bibi yako, nilikuwa hapa," alisema. "Mto ulikuwa umebeba tuta zima. Reli inaning'inia hewani. Tulikaa majini siku mbili, kamba kiunoni, ili treni ya abiria isije ikatumbukia. Habari ya msiba ilinikuta nimesimama pale." Akaonyesha jiwe.

"Mama yangu alijua?"

"Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alishaamua. Na mimi nikaona, kama hajauliza simwambii."

Kiberenge kikaondoka. Nilimfikiria mama yangu, jinsi alivyokuwa anahesabu mayai kuku wakiwa bado wamekalia. Nilimpenda sana, na nilimwona wazi kuliko siku zote.

Mgeta

Jumapili, baada ya misa mjini Morogoro, tulipanda na lori linalokwenda tupu kufuata mboga. Mjomba alikaa mbele na dereva. Ukungu ulikuwa barabarani. Kutoka lori liliposimama ni kutembea, njia ya miguu, mteremko mkali, na wazee wa ukoo walishakaa uani kwa mama wakisubiri.

Bi Zaituni alikuwa mlangoni mwa ua na ufagio. Alipomwona mjomba alianza kutoka mbali.

"Nani kalileta hili jitu la reli? Limekuja kuiba kabichi! Tazameni miguu, mataruma mawili! Dada yako kafa akikusubiri we mzee mchafu, ulikuwa unaoana na injini?"

Watu waliangua kicheko. Alimmwagia majivu kichwani, akamnyang'anya begi, akalifungua mbele ya wote na kuinua fulana yake ya ndani kuwaonyesha wazee. Halafu akamshika sikio, mzee wa miaka themanini, akamvuta kupita mlango wa ua. Mjomba alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alipoachiwa alikuwa ndani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi, akakaa chini.

Kikao hakikuchukua muda. Mjomba alisema matuta ya Magdalena ni ya watoto wa Magdalena, basi. Skola alisema hakuwa na neno. Alisema alipanda kabichi kwa sababu magugu yalikuwa yanakaribia kaburi na mimi sikuwa nimeonekana tangu arobaini, na kwamba zikikomaa nipeleke gari nizichukue. Nilitafuta ujanja kwenye uso wake. Sikuupata, na niliutafuta kwa bidii.

Nami nilikuwa bado nimesimama nje ya ua. Nilisubiri zamu yangu. Nilishavua miwani ili majivu yasiikwaruze.

Bi Zaituni akaja. Alikuwa ameweka ufagio chini na kunawa mikono.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Pole na safari. Habari za Morogoro?"

Akanitangulia, akaniwekea kiti, kile kizuri chenye mgongo, akakitandikia khanga safi. Akaniletea maji ya kunawa akainama kidogo. Watu wengine walikuwa wanatukanana na kucheka, mjomba ana majivu hadi kwenye nyusi, na mimi nimekaa kwenye kiti kama mgeni wa serikali, kama Mama Hiza wa Lushoto. Nilijaribu kumtania. Nilimwambia kwa sauti, wote wasikie, kwamba samaki wake wa Mkata walikuwa wananuka kuliko yeye. Alitabasamu vizuri kabisa.

"Asante, mama," alisema.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mjomba amebaki Mgeta kwa sasa, Mama Sesilia amemfuata, na kabichi mlizokula wiki iliyopita ndizo zile. Bi Zaituni nampigia simu kila baada ya siku chache. Anapokea daima. Ananiuliza hali, ananiombea dua, ananiita mwalimu. Jana nilimwambia mlio wa simu yake unafanana na mbuzi anayechinjwa. Akasema, "Ni kweli, nitaubadilisha, samahani kwa usumbufu," kisha akanisikiliza kwa adabu hadi nikaishiwa na maneno, wala hakunitukana.